Nabwile Aliyezikwa Kuikwepa Reli

Hesbon Mukhwana wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, alikuwa mtu wa kutii sheria hata kabla sheria yenyewe haijamfikia. Serikali ilipotangaza kwamba reli ya mwendo kasi ingerefushwa kuelekea magharibi, wapima ardhi walikuja wakapigilia vigingi vyekundu shambani mwake, kutoka barabarani hadi nyuma ya nyumba. Majirani waliendelea kulima katikati ya vigingi hivyo kana kwamba havikuwapo. Mukhwana hakupanda hata mche wa sukuma wiki.

Mwaka uliofuata mkewe, Nabwile, aliugua akiwa kwa binti yao mjini Kitale, akafia huko. Jamaa walianza kusafisha mahali pa kaburi, kando ya nyumba aliyoishi tangu alipoolewa. Mukhwana akawazuia. Mpima ardhi alikuwa amemweleza waziwazi kwamba lolote lililomo ndani ya vigingi lingeondolewa kwa tingatinga, naye hakutaka mkewe aje kufukuliwa na watu wasiolijua hata jina lake. Kaka yake mkubwa, Wekoye, alimsihi mpaka sauti ikamkauka: mke huzikwa kwa mumewe, na reli ikija, ipinde yenyewe. Mukhwana alishika lake. Nabwile akazikwa katika makaburi ya umma ya Kitale, miongoni mwa watu wasio wake.

Kisha, msimu mmoja wa kupanda ulipokaribia, chifu aliitisha baraza na kutangaza kuwa mradi umefutwa. Vigelegele vikapigwa. Kabla jua halijawa kali, watu walikuwa tayari wanang'oa vigingi na kuvifanya kuni. Jirani yake Phelista akamtania Mukhwana mbele ya watu.

"Mzee, si sasa urudi ulime, bana. Treni imekuhurumia."

Mukhwana alicheka kidogo pamoja nao, kisha akashika njia ya nyumbani.

Jioni hiyo alikwenda kwa Wekoye kuomba ukoo umruhusu kumleta mkewe nyumbani. Alizungumza kwa kirefu. Alitaja kibali cha idara ya afya, gari la kumbebea, hata kondoo wa utakaso. Wekoye alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkumbusha yaliyopita, na huko kutokumbushwa ndiko kulikomuuma Mukhwana kuliko lawama.

"Ndugu yangu," Wekoye alisema hatimaye, "ulimpeleka kule ili asisumbuliwe. Leo unataka tumsumbue sisi?"

"Ni kumrudisha kwake tu."

"Mtu hazikwi mara mbili, Mukhwana. Mwache alale."

Jumapili, baada ya ibada, Mukhwana alisafiri hadi Kitale. Kaburini alimkuta Wacuka, mama muuza viazi sokoni, ambaye mumewe, Gicheru, alilala kaburi la jirani. Kila alipopalilia kwa mumewe, Wacuka alivuka akapalilia na kwa Nabwile, bila kuombwa. Mukhwana alimshukuru. Yule mama alikuwa amekwisha kusikia habari za reli, akauliza ni lini atakuja kumchukua mama watoto. Mukhwana akamjibu kwamba watu wake wamekataa.

Wacuka aliweka jembe chini.

"Mimi nilimleta Gicheru hapa kwa sababu hatukuwa na shamba, hata la kutosha kaburi," alisema. "Lakini wewe, baba, ulikuwa nalo."

Hakuyasema kwa ubaya. Alipoona jinsi yalivyomwingia, aliokota ndoo yake akaenda kutafuta maji ambayo hakuyahitaji, ili kumwachia mzee nafasi.

Mukhwana alivua kofia, akachutama karibu na msalaba. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Sasa yalimjia machache tu.

"Nabwile," alisema, "ile reli imefutwa. Nyumbani kuko vile ulivyokuacha."

Kisha akamsimulia habari za mvua iliyochelewa, na paa la jiko lililokuwa likivuja, na wajukuu waliofungua shule. Kuhusu jawabu la Wekoye hakumwambia neno.