Stuli ya Moraa

Sufu iliyolowa ikianikwa karibu na moto hutoa harufu ya kondoo na moshi. Jana binti yangu alianika sweta yake jikoni baada ya mvua ya Sotik kumnyeshea njiani, na harufu hiyo ikanirudisha moja kwa moja kwa Kogo, bibi yangu, na kwa wivu wangu wa zamani. Msicheke. Wivu wa mtoto ni wivu kamili.

Kogo alipenda kufuma, na hakuhitaji duka. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe, na uzi aliupata kwa kufumua sweta kuukuu za mitumba kutoka soko la Chepilat. Jioni, majani ya chai yakishapimwa, mimi na Moraa tulimfuata barazani na spoki zetu. Moraa alikuwa binti wa jirani aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kisii.

Sasa, Moraa ndiye aliyekalia stuli iliyobanana na ya Kogo, bega kwa bega, shuka ya Kogo ikiwafunika magoti wote wawili. Mimi? "Chebet, wewe kaa hapo mbele yangu." Nikakaa kwenye gunia, upande wa baridi, kama mtu aliyeletwa kushtakiwa. Mjukuu wa damu!

Siku moja nilimwahi Moraa, nikaikalia ile stuli. Kogo akacheka, akanishika mkono wa kushoto, huu ambao mama alinikaripia kila niliposhika kijiko nao: "Tumia mkono wa kula!" Kogo hakukaripia. Aliupapasa tu. "Hapa hutaona kitu, mama. Rudi pale."

Nikarudi nikilia. Mama aliposikia akaniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliona mgeni ameshakuja, na mwenyeji ndiye anayeugua.

Nilimchukia Moraa kwa moyo wangu wote. Nilichukia hata vile alivyouma ulimi akihesabu vitanzi. Nikafuma kwa hasira, macho nimeyakaza kwenye mikono ya Kogo, na sweta yangu ikatoka nzuri hata majirani wakauliza nani ameifuma. Sikufurahi. Mimi nilitaka stuli.

Jana basi, sweta ikiendelea kukauka, binti yangu aliomba nimfundishe. Akajisogeza ubavuni pangu. Mkono wangu wa kushoto ukaenda huku, wake wa kulia ukaenda kule, vitanzi vikafumuka, akaanza kununa.

"Hebu kaa hapo mbele yangu," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba nimemfukuza. "Mum, si nikae tu hapa na wewe?"

Alihama shingo upande. Lakini alipoketi, mkono wake wa kulia ukaanza kufuata wangu wa kushoto kama kwenye kioo, kitanzi kwa kitanzi, na kila alipoinua macho akanikuta namtazama.

Moraa alipewa bega la Kogo. Mimi, jioni zote zile nikilia wivu kwenye gunia, nilikuwa nimepewa uso wake.