Meno ya Kapteni Zebaki

Kabla ya barua ya posa kupelekwa popote katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo, watu waangalifu hupita kwanza kwa Bi Hajra binti Bwanausi. Hawaendi kufuata vitumbua anavyouza kila asubuhi, ingawa navyo vina sifa yake. Wanakwenda kwa sababu Bi Hajra anajua nani alimnyonyesha nani. Katika dini yao, watoto wawili walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Bi Hajra ana miaka sitini na minane, na maziwa ya mji mzima yamo kichwani mwake. Posa saba zimefia barazani kwake. Katika mbili kati ya hizo, kitanda kilikuwa kimeshanunuliwa.

Posa ya nane ilikuwa ya Ridhiwani, fundi wa bajaji mwenye miaka ishirini na saba, aliyetaka kumwoa Adila, mjukuu wa Bi Hajra mwenyewe. Baba yake Adila alikwisha kusema kwamba neno la mama yake, Bi Hajra, ndilo neno lake.

"Mama yako alikwenda Dar kumwuguza dada yake, akakuacha hapa," Bi Hajra alimwambia kijana. "Ulikuwa na mwaka na nusu. Nani alikunyonyesha?"

"Sasa Bibi, mimi nitakumbukaje?"

"Shamsia alikunyonyesha. Na Adila naye alinyonya kwa Shamsia mwaka mzima, mama yake alipokuwa anaumwa. Barua yako na ikae kwanza."

Barua ikakaa miezi minne ndani ya kopo la biskuti.

Jambo rahisi lingekuwa kumwuliza Shamsia. Shamsia alikuwa hai, anakausha samaki Saadani, na simu yake ilikuwa inapatikana. Lakini miaka tisa nyuma, katika harusi moja, alisema pilau ya Bi Hajra iliisha upesi kwa sababu watu walikuwa na njaa. Tangu siku hiyo hawakusemeshana, na Bi Hajra alikuwa radhi mjukuu wake aote mvi kuliko yeye kuwa wa kwanza kupiga simu.

Ridhiwani hakukata tamaa. Alitafuta tu sababu nyingine ya kukaa kwenye baraza ile, akaipata katika sinema.

Yeye, Adila na Mwalimu Vaileth walikuwa wapenzi wakubwa wa *Kikosi cha Alfajiri*. Hizo ni sinema kumi na tatu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Shujaa wa sinema hii huibuka katika ile, na adui aliyekufa katika ya tano anaonekana katika ya nane akinywa chai. Tatizo ni kwamba hazikutengenezwa kwa kufuata miaka. Ya nne inasimulia mambo yaliyotangulia ya kwanza, na ya saba inatokea katikati ya ya pili. Watatu hawa walijiita Kamati, na kazi yao ilikuwa kupanga matukio yote, mwaka kwa mwaka, kwenye karatasi za manila ambazo Vaileth alizipata shuleni anakofundisha hesabu.

"Tukutanie kwa Bibi," Ridhiwani alipendekeza. "Pale pana upepo."

"Upepo!" Adila alicheka. "Sema unataka bibi akuone. Na ukija, usivae ile fulana yenye grisi, na usimkatize akiongea, na usijifanye unapenda vitumbua vya jana, maana anajua hakuna mtu anayevipenda."

Siku ya kwanza Bi Hajra alichambua mchele akiwa amewapa mgongo. Siku ya pili mgongo uligeuka kidogo. Siku ya tatu, kwa kuwa sinema zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na jamaa mwenye sauti nzito, alishindwa kuvumilia.

"Huyo mwanamke mume wake kafa asubuhi, na saa hizi yuko kwenye helikopta? Eda yake iko wapi?"

"Bibi, anaokoa dunia," Ridhiwani alisema kwa adabu.

"Dunia ingengoja miezi minne na siku kumi."

Baada ya hapo hakukosa kikao hata kimoja. Mchele ulichambuliwa mpaka ukabaki hauna cha kutolewa. Alijua nani ni mtoto wa nani kuliko Kamati nzima, na alipoulizwa siri yake alisema ni kazi ileile ya siku zote, isipokuwa watu hawa wanaruka. Ridhiwani alifurahi, kisha akaanza kuona hatari. Kila alipokohoa na kusema, "Bibi, kuhusu ile barua," alijibiwa, "Ngoja kwanza nijue baba yake Daktari Ukungu."

Mgogoro ulizuka walipofika sinema ya tisa, ambamo Kapteni Zebaki anafunga ndoa na Bibi Sumaku. Muziki ulipanda, maua yakamwagika, Adila akafuta machozi.

"Simamisha!" Bi Hajra alisema.

Ridhiwani akasimamisha.

"Hawa ni ndugu. Ile ya nne, kimondo kilipoanguka na huyu Zebaki akaokotwa shimoni, si mama yake Sumaku ndiye aliyemchukua akamweka kifuani? Mimi nimeona kwa macho yangu. Ndoa hii haipo. Msiiandike."

"Bibi, nusu ya matukio yanategemea ndoa hii," Adila alilalamika. "Mtoto wao ndiye anayefungua mlango wa wakati, mlango usipofunguka jeshi haliji, na jeshi lisipokuja..."

"Lisije."

Vaileth, ambaye alikuwa na shida yake ya wiki tatu, aliinua kalamu. "Mimi hapa pana kitu kinanisumbua zaidi. Tumeandika Zebaki alizaliwa mwaka wa kimondo. Kwa hesabu hiyo, siku ya harusi ana miaka ishirini na minane. Lakini mwenyewe anasema ana thelathini. Miaka miwili sijui imekwenda wapi."

"Rudisha ile ya nne," Bi Hajra aliagiza. "Pale shimoni."

Picha ilipotokea, aliisogelea kompyuta mpakato mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Nani aliwaambia huyu ni mchanga? Tazama. Meno ya juu anayo, ya chini anayo, na magego yameanza. Ametoka mwenyewe kwenye hicho kimondo chake, kwa miguu. Huyu amekuja hapa na miaka yake miwili na ushei."

Vaileth alihesabu kwenye vidole, akapiga kelele. Miaka miwili ilikuwa imepatikana. Sinema ya nne ikakaa mahali pake, ya sita ikaifuata, na karatasi za manila zikabanduliwa na kubandikwa upya kwa shangwe.

"Kwa hiyo ndoa yao?" Adila aliuliza.

"Inasihi, ni halali. Mtoto akipita miaka miwili, maziwa hayamfanyi ndugu wa mtu. Na hata akiwa chini ya miwili, lazima ashibe mara tano mbalimbali. Andikeni ndoa."

Ridhiwani aliweka gundi chini.

"Bibi," alisema. "Kwa hawa wa kwenye sinema umetazama meno, umehesabu miaka. Mimi nilishiba mara ngapi?"

Bi Hajra alimtazama kijana, akazitazama karatasi, kisha akatoa simu kwenye pindo la kanga.

"Nitafutie namba ya Shamsia," alimwambia Adila. "Na weka spika, nisije nikaambiwa nimetunga."

Simu iliita mara mbili.

"Shikamoo, dada Hajra! Siku nyingi!"

"Marahaba. Sikupiga kwa ajili ya ile pilau."

"Pilau gani, dada?"

Kwa miaka tisa Bi Hajra alikuwa ameubeba ugomvi ule peke yake.

"Basi, yaache," alisema hatimaye. "Nataka kujua. Ridhiwani, mtoto wa Mwanabaraka, ulimnyonyesha mara ngapi?"

"Yule mtafuna watu? Mara tatu. Ya nne hata hajameza tone, akaning'ata! Nilipiga yowe majirani wakaja na fimbo, wakidhani nyoka. Nikamwambia, wewe baba ni wa uji. Akanywa uji mpaka mama yake aliporudi."

"Unaapa?"

"Wallahi. Alama ninayo, nikutumie picha?"

"Usitume."

Bi Hajra alikata simu. Ridhiwani alikuwa amejifunika uso kwa karatasi ya manila, mabega yakimtetemeka. Haikujulikana kama ni kwa aibu au kwa furaha.

"Mara tatu si tano," Bi Hajra alisema. "Waambie wazee wako waje Alhamisi, baada ya alasiri." Kisha akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikawa ya taratibu. "Adila binti yangu, Ridhiwani anakutaka. Unasemaje?"

Adila, aliyekuwa ameongea mfululizo katika sinema zote tisa, aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Hakutoa hata neno moja.

Vaileth, ambaye kwao Ubena bibi harusi hujibu kwa mdomo, alishika kifua. "Maskini," alimnong'oneza Bi Hajra. "Amekataa?"

"Amenyamaza, mwalimu," Bi Hajra alisema. "Amekubali."