Ndimu Mbili Juu ya Mwamba

Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, shamba, nje ya mji, mbele kidogo ya Tunguu, kuna mwamba unaonifika kifuani. Una rangi ya kutu na umejipanga matabaka matabaka kama chapati kwenye sahani. Chini yake kuna kisima. Visima vya majirani vina chumvi. Cha shangazi maji yake matamu.

Mtoto wa ami yangu alitaka kuuvunja apate mawe ya msingi wa nyumba yake. "Matumbawe tu hayo, kaka, kama mawe yote ya Unguja."

Nilimshuku. Tangu utotoni, akisema "tu" ujue kuna jambo. Kisha nikaushuku na mwamba wenyewe. Mimi nilisomea fasihi, lakini chuoni nililala chumba kimoja na mwanafunzi wa miamba, na kwangu hiyo inatosha kuwa shahada ya pili. Yeye alikuwa akisema kwamba si kisiwa chote ni matumbawe: kuna mahali umebaki mchanga wa kale, ulioletwa na mito ya bara kabla bahari haijatutenga, ukashindiliwa hata ukawa jiwe. Jiwe hilo hunywa mvua taratibu na kuitoa taratibu. Ukilivunja, umevunja mtungi.

Njia ya kulijua ni kulitilia kitu kikali: matumbawe hutoa povu, jiwe la mchanga halitoi. Nikanunua ndimu tatu sokoni Darajani. Moja niliukamulia ukuta wetu wa matumbawe, Mji Mkongwe, pale lipu ilipobanduka. Ukatoa povu hafifu, lakini povu.

Jumamosi nilichuchumaa mbele ya mwamba, nikaukwaruza kwa kisu, nikakamua ndimu mbili zilizobaki, nikatega sikio na kuhesabu kwa sauti hadi saba. Kimya, povu hakuna. Jirani, bibi mtu mzima, alikuwa akianua nguo.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

Aliingia ndani, nusu ya nguo akaziacha kambani.

Nilimweleza mtoto wa ami habari ya mchanga na maji. Akacheka. "Ndimu hizo ungetia kwenye bakuli la urojo."

Wiki iliyofuata vibarua walikuja na nyundo zao, wakakaa kitako.

"Hatuligusi," alisema mkubwa wao. "Limezindikwa. Mtu wa mjini kaja na kisu na ndimu, kasoma mara saba."

"Waambie!" mtoto wa ami alinigeukia. "Si msomi wewe? Waambie ulikuwa ukifanya upuuzi!"

Wote wakanitazama. Mimi niliyewahi kuandika makala nzima kuwacheka watu wa mazindiko. Nikamtazama shangazi, ndoo mkononi, hana kisima kingine.

"Mie ningekuwa nyinyi," nilisema, "nisingeligusa."

Hata neno moja la uongo halikuwamo. Walibeba nyundo zao wakaondoka, na mtoto wa ami akaondoka nyuma yao bila ya kuniaga.

Shangazi alinitekea maji. Nikanywa nikiutazama mwamba. Jumamosi ile ndimu mbili nilizikata nusu nusu, nikaacha maganda manne juu yake. Sasa yalikuwa manane, na manne hayajaanza hata kunyauka.

"Shangazi, nani kaongeza haya?"

"Kunywa maji, mwanangu," alisema, akaipokea kata na kurudi kisimani.