Safu Ambayo Sikuichora

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba nikishaandika kitu kwa mwandiko mzuri, basi ni kweli.

Niliacha shule darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe hapa Kosele, kwa magazeti ya kufungia sukari. Nilipoona watu wanabishana wapi pa kutibiwa, nilinunua daftari, nikaanza kuwauliza waliougua, na jamaa za waliokufa. Nilichora safu tatu kwa rula: alitibiwa wapi, alilipa nini, alipona au alikufa. Wino ukidondoka, nilichana ukurasa nikaandika upya.

Baada ya mwaka nilijiona nimepata jibu. Kwa dresa mstaafu, mfunga vidonda wa zamani wa hospitali, aliyefungua kliniki sokoni, watu walilipa shilingi chache na wengi walipona. Hospitali kubwa ya Homa Bay ilikula nauli, siku za kulima, pengine na mbuzi, na karibu kila jina lilikuwa na msalaba wa kifo.

Ndipo dada yangu, muuza omena, dagaa wa ziwani, akashikwa na tumbo siku ya soko. Mumewe alitaka wapande basi la Homa Bay mara moja.

"Ngoja kwanza," dada akasema, amejikunja juu ya gunia. "Mwalimu asiye na shule, fungua hicho kitabu chako. Kinasemaje?"

"Nenda kwa dresa." Nikamwonyesha misalaba kwa kidole.

"Umesikia?" akamgeukia mumewe. "Wewe unataka kunizika, tena na nauli juu!"

Akacheka, huku ameshika ubavu.

Dresa alimpa dawa nyeupe ya chupa. Siku ya pili akamdunga sindano. Siku ya tatu maumivu yaliisha ghafla, nami, Mungu anisamehe, nikaandika "amepona". Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Tulimbeba kwa kitanda hadi kwenye basi.

Hospitalini, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi alimgusa tumbo, akauliza, "Maumivu yalianza lini?"

"Leo ni siku ya nne," nikajibu.

"Na mlikuwa wapi?"

Nilimpa daftari, kana kwamba lingenitetea. Akasoma kurasa mbili amesimama.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Hawa wenye misalaba, wengine nawakumbuka. Waliletwa wamebebwa, kama huyu. Wenye mafua mnabaki nao huko, wanapona wenyewe. Hilo umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika popote.

Walisema kitu kilikuwa kimepasuka tumboni siku ile maumivu yalipoisha. Dada alikufa kabla hawajampasua. Shemeji hakunitukana. Aliomba kalamu yangu, akalifuta neno "amepona", akachora msalaba mwenyewe. Umepinda, na wino umetapakaa.

Ukurasa huo sijauchana. Watu bado huja kuniuliza waende wapi. Sasa nauliza kwanza ugonjwa ulianza lini, na kama ni tumbo, ninawasindikiza mpaka kwenye basi.