Injini Niliyoibeba Begini

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilivyobeba injini ya kutafutia wagonjwa wa zahanati nzima ndani ya begi la mgongoni, nikaenda nayo Hombolo kula zabibu kwa binamu zangu. Usicheke. Nakuita mwanangu, wewe wa kidato cha kwanza unayejiunga na klabu yetu ya kompyuta, ingawa nimekuzidi miaka minne tu. Mvi zangu zilitoka siku hiyo.

Mama ni muuguzi wa zahanati moja huku Nzuguni, na nyumba yetu imepakana nayo ukuta kwa ukuta. Nilimtengenezea programu ya kumbukumbu: andika jina la mgonjwa, hata ukilikosea kidogo, faili lake linakuja. Mwalimu wa klabu alinishauri injini ya kutafuta, yaani ile sehemu inayosaka majina, niifunge humo humo ndani ya programu, kwenye kompyuta ya mama, maana kazi yenyewe ni ndogo. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema. Mimi nikaona ushamba. Si kampuni kubwa huiweka injini kwenye mashine yake peke yake? Basi nikaiweka kwenye laptopu yangu pale nyumbani, iwe inaongea na zahanati kwa waifai. Kadi za karatasi za wagonjwa zikafungiwa stoo.

Kule Hombolo simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Beni, kuna mtoto hapa, mashine yako inasema hajawahi kutibiwa kwetu. Bibi yake anaapa mwaka jana alichomwa sindano hapa hapa akavimba uso. Nimsadiki nani? Hiyo laptopu iko wapi?"

"Iko... ninayo huku, mama. Begini."

"Nina sindano mkononi, na huyu mtoto..."

Ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Mwanangu, juu ya ile bodaboda nilisali sala zote ninazozijua, mpaka ya kubariki chakula. Kilichonitafuna zaidi ni kwamba programu yangu haikusema injini haipo. Ilipokosa pa kuuliza, ilijibu kwa kujiamini: hakuna mgonjwa huyo. Nami ndiye niliyeiandika ijibu hivyo, kwa haraka ya kwenda kujisifu. Kila tuta nilimwona mtoto nisiyemjua amevimba uso.

Nilimkuta kwenye benchi, anamung'unya ubuyu, midomo myekundu, uso haujavimba. Mama alikuwa amevunja kufuli la stoo, akaipata kadi yake: asichomwe penisilini.

Bibi akanikagua toka juu mpaka chini. "Ndiye huyu fundi wenu?"

Ningepata shimo, ningeingia.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kazi ikiwa ndogo na mashine ni moja, injini ikae ndani ya programu. Ziamke pamoja, zilale pamoja. Itenganishe siku programu nyingi zitakapoitegemea, au mzigo utakapoishinda mashine. Hapo awepo mtu wa kuilinda, tena asiwe mpenda zabibu. Na ifundishe programu yako kusema "sijui". Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu usichokijua mbele ya mwenye sindano.

Mama hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alinawa mikono taratibu, akaniambia: "Mtoto anapumua, mshukuru bibi yake. Nenda kale. Na Mungu akupe akili inayobaki kazini hata wewe ukiondoka."