Dhahabu Iliyogeuka Buluu Mikononi mwa Bi Salhiya

Saa mbili na robo asubuhi. Bi Salhiya Mcha anakiinua kichupa cha kioo hadi kwenye mwanga wa dirisha la maabara, anafumba jicho moja na kukitazama. Maji yaliyomo ni mekundu kama sharubati ya choya. Anashusha pumzi.

"Mekundu," anasema. "Alhamdulillahi."

Wekundu ule ni dhahabu.

Mkaazi huyu wa Michenzani, mwenye umri wa miaka 47, ameosha vyombo vya maabara hii ya utafiti, nje kidogo ya Mji Mkongwe, kwa miaka sita. Kwa siku hupitisha mikononi chupa zisizopungua themanini. Kabla ya hapo alikuwa akilima mwani kwao Makunduchi, mpaka bahari ilipopata joto na mwani ukawa unaoza kwenye kamba ulikofungwa.

"Dhahabu niijuayo mimi ni ya vipuli vya mama," anasema. "Siku Daktari aliponambia yale maji mekundu ni dhahabu, nilikaa kitako."

Daktari ni Ilham Bakar, mtafiti wa miaka 34. Anaeleza kuwa dhahabu ikiwa katika chembe ndogo mno, zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, rangi yake hubadilika. Chembe hizo yeye huzinatisha juu ya kioo kilichopakwa unga mweupe wa titani, uleule unaotiwa kwenye rangi ya nyumba.

Unga huo peke yake haushughuliki na mwanga tunaouona kwa macho. Dhahabu ndiyo inayoudaka mwanga huo. Elektroni zake hupata nguvu, na baadhi yake hurukia kwenye unga. Hapo umeme hutembea.

"Ni umeme mdogo sana, hata taa hauwashi," anasema Dkt. Ilham. "Tunataka siku moja utusaidie kuyapasua maji, tupate gesi ya kuwashia."

Agosti mwaka jana mambo yalikwenda kombo. Dkt. Ilham alimimina maji yake mekundu katika chupa saba zilizooshwa na Bi Salhiya. Kufumba na kufumbua, yote yakageuka buluu. Alipotumbukiza vioo vyake, chembe hazikunata sawasawa. Maandalizi ya miezi minne yaliharibika asubuhi moja.

Aliyepiga kelele ni Hamid, msimamizi wa ghala.

"Dhahabu iko wapi?" alimfokea Bi Salhiya mbele ya watu. "Umeitoa, ukatia wino!"

Bi Salhiya anaikumbuka siku ile. "Nimezaa watoto wanne, sijapata kuitwa mwizi."

Siku ileile alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Dkt. Ilham alinyamaza.

"Nilishtuka, sikujua niamini nini," anakiri mtafiti huyo. "Kule kunyamaza ndiko kunakoniuma hadi leo."

Siku mbili Bi Salhiya hakutia kitu mdomoni ila chai. Siku ya tatu, akifua nguo nyumbani, aliona povu la sabuni limejaa beseni. Akaduwaa. Kule kazini, wiki ile, sabuni ilikataa kabisa kutoa povu.

Ndipo alipokumbuka. Mashine ya kusafishia maji ilikuwa imeharibika. Alipomwambia Hamid, alijibiwa atumie kisima cha uani. "Maji ni maji," Hamid alimwambia. Na kisima kile kina chumvi.

Kesho yake alikwenda kazini bila kuitwa, na chupa ya maji ya kisima mkononi.

"Shikamoo, Bi Salhiya," alisema Dkt. Ilham kwa mshangao.

"Marahaba. Nipe maji yako mekundu kidogo tu, Daktari. Nshajua."

Aliyadondoshea matone machache ya maji ya kisima mbele ya wafanyakazi wote. Wekundu ukawa zambarau, zambarau ikawa buluu. Dkt. Ilham alijiziba mdomo kwa kiganja. Hamid alitafuta kiti.

Dhahabu ilikuwamo muda wote. Chumvi iliyobaki chupani ilizifanya chembe zishikane mabonge, na rangi ikabadilika.

Barua ilifutwa. Mashine ilitengenezwa. Wiki mbili baadaye Dkt. Ilham alimwita aone kioo kipya, kilichounganishwa na nyaya kwenye kipimo cha umeme. Taa ya kijani ikawashwa, mshale ukapanda. Bi Salhiya akaukinga mwanga kwa kiganja. Mshale ukaanguka. Akautoa mkono, ukapanda tena.

"Nilipiga yowe," anasema. "Kivuli cha mkono wangu kinazima umeme!"

Hamid hajamwomba radhi, anasema Bi Salhiya. "Hunisalimia, nami naitikia. Basi."

Januari Bi Salhiya ataanza mafunzo ya jioni ya ufundi wa maabara. Anataka kuyatengeneza maji yale mekundu kwa mikono yake mwenyewe.

"Na yakiharibika, waje waniulize," anasema, akiifuta meza. "Mara ile hakuna aliyeniuliza."