Wa Mwisho kwenye Mfereji

Programu ya binti yangu Mutheu haina urembo. Ni skrini nyeusi tu, hakuna picha. Anaandika neno "zamu", na kompyuta inamtolea nani afungue maji ya mfereji, na saa ngapi. Kabla yake, hapa Njukini zamu tulipanga kwa kelele. Shamba langu ndilo la kwanza kule juu, na kelele naziweza, kwa hivyo sikuwa na shida.

Siku ya kwanza ilitutia aibu. Programu ilipanga watu kwa alfabeti, kama darasani! Abby wa katikati akafungua, kisha Crispus wa chini, kisha mimi Kavinya wa juu, kisha tukateremka tena kwa Lois. Kila mara maji yalikuta mfereji umekauka, nao ukayanywa. Ilipofika zamu ya Ndeti, aliye mwisho kabisa wa mfereji, yakabaki matope, na maharagwe yake yanatoa maua, wakati hayavumilii kiu.

"Hiyo kompyuta ni ya kunyweshea shamba la mamako!" Ndeti akamfokea Mutheu. Mwenyekiti wetu wa mfereji, Mwangangi, akampa siku moja nyingine ya maji. Ikishindikana, turudie kelele.

Unafikiri alilia? Wapi! Alivaa gambuti, akatembea mfereji wote hadi chini, akarudi akiimba.

"Nimeona kosa langu, mama. Tunaanza chini, tunapanda; mfereji ukilowa wote mara moja, hauyanywi tena."

"Na mimi?"

"Wewe mwisho."

"Mwisho! Kwani ulilelewa na nani?"

"Na wewe. Maji yatakufikia, mama, nimepiga hesabu."

Niliumia, sitaficha. Maharagwe yangu pia yalikuwa na maua.

Siku ya maji ilipofika nikasimama na jembe begani, maji yakinipita hivi hivi, mkono ukiniwasha nifungue. Sikufungua. Nikamtetea mwanangu kwa kusimama tu, na kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu.

Alasiri nikamwona Ndeti anapanda kando ya mfereji, miguu yote matope, uso wa mtu anayekuja kushika mwizi. Akatazama shamba langu. Kavu.

"Mama Mutheu, kwangu yameshafika, hata wewe bado?"

"Bado. Zamu yangu ndiyo inaingia sasa."

Akanipokonya jembe, akanifungulia maji mwenyewe.